Kutoka CNA Hadi APRN: Ulinganisho wa Vyeti na Leseni za Uuguzi Nchini Marekani

Katika wodi moja ya hospitali ya Marekani unaweza kuwakuta watu watatu wakimhudumia mgonjwa mmoja. Wa kwanza amesoma miaka miwili katika chuo cha jamii, wa pili amesoma miaka minne chuo kikuu, na wote wawili wamevaa kitambulisho chenye herufi zilezile mbili, RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kwa sababu walifanya mtihani uleule na leseni zao hazitofautiani hata kwa nukta. Wa tatu, muuguzi msaidizi (CNA), amekuwa kazini miaka kumi na anajua kumgeuza mgonjwa asiyejiweza bila kumwumiza kuliko wenzake wote wawili, lakini hana leseni yoyote, na miaka yake kumi haihesabiki kuwa sehemu ya masomo siku atakapoitafuta. Anayetaka kuchagua pa kuanzia, au anayefikiria kupanda kutoka ngazi aliyopo, hana budi kwanza kuelewa hali hiyo inawezekanaje, kwa kuwa ngazi za uuguzi Marekani hazikupangwa kama madarasa ya shule ambapo aliyemaliza la tatu huingia la nne.

Karatasi za aina tatu

Karatasi ya kwanza hutolewa na chuo, nayo ni cheti, stashahada au shahada. Inathibitisha kwamba ulisoma na haina tarehe ya kuisha, lakini peke yake haikuruhusu kumchoma mgonjwa sindano. Ya pili ni leseni, ambayo hutolewa na serikali ya jimbo kupitia bodi yake ya uuguzi. Hiyo ndiyo inayokupa haki ya kufanya kazi na kujiita muuguzi, ina muda wake, na bodi iliyoitoa inaweza kuisimamisha au kuifuta. Marekani haina leseni ya uuguzi ya taifa zima. Tangu North Carolina ilipopitisha sheria ya kwanza ya kuwasajili wauguzi mwaka 1903, jambo hili limebaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina ada zake, fomu zake na masharti yake. Ya tatu ni cheti cha ubingwa, kinachotolewa na baraza la kitaaluma lisilo la serikali baada ya mtihani wake lenyewe.

Ugumu unaanzia kwenye karatasi hiyo ya tatu. Kwa muuguzi wa kawaida, cheti cha ubingwa ni hiari na mara nyingi ni njia ya kuongeza heshima na mshahara. Kwa muuguzi wa ngazi ya juu, karibu kila jimbo hukidai kabla halijatoa leseni, kwa hiyo kitu kilichokuwa pambo katika ngazi moja hugeuka kuwa ufunguo katika ngazi inayofuata. Mtu anayeuliza tu "nahitaji cheti gani?" bila kuuliza kinatolewa na nani na kinaweza kufutwa na nani, huweza kulipia kitu asichokihitaji au kukosa kile ambacho bila hicho hataajiriwa.

CNA na LPN: milango miwili ya haraka

Muuguzi msaidizi, ambaye kila mtu Marekani humwita CNA, huingia kazini baada ya mafunzo mafupi sana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliweka kiwango cha chini cha saa 75 za mafunzo, na kati ya hizo angalau saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza, na mengine yameongeza kwa kiasi kikubwa. California, kwa mfano, inadai saa 160. Baada ya mafunzo kuna mtihani wenye sehemu mbili, moja ya maswali ambayo inaweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo, na nyingine ya vitendo, ambapo msimamizi hukutazama ukinawa mikono, ukipima mapigo ya moyo au ukimhamisha mgonjwa kutoka kitandani. Ukifaulu, jina lako huingizwa katika daftari la wauguzi wasaidizi la jimbo. Ingawa watu huiita leseni, kilichopo ni jina katika daftari tu, na daftari hilo lina sharti kali: asiyefanya kazi ya uuguzi yenye malipo kwa miezi 24 mfululizo hulazimika kusoma au kufanya mtihani upya.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mara nyingi ni kwamba huenda hawapaswi kulipa chochote. Makao ya kutunzia wazee yanayopokea fedha za bima za shirikisho hayaruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mtu ambaye tayari ameajiriwa nayo au ameahidiwa kazi, na yanaweza kumwajiri mwanafunzi kwa muda usiozidi miezi minne akiwa bado anakamilisha mafunzo na mtihani. Hata aliyejilipia mwenyewe, akipata kazi katika makao ya aina hiyo ndani ya miezi 12 tangu alipomaliza, jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kumrudishia gharama zake. Kwa maoni yangu, kulipa mamia ya dola kwa mafunzo ya CNA kabla ya kubisha hodi kwenye makao mawili matatu ya karibu ni kuharakisha mahali pasipo na haraka.

LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, ambaye California na Texas humwita LVN, ni jambo jingine kabisa. Huyu husoma takribani mwaka mmoja katika chuo kilichoidhinishwa na bodi ya jimbo, hufanya mtihani wa taifa uitwao NCLEX-PN, na akifaulu hupewa leseni kamili. Anaruhusiwa kugawa dawa, kufunga vidonda, kuweka mpira wa mkojo na kufuatilia hali ya mgonjwa, ila hufanya kazi chini ya uongozi wa RN au daktari. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa na mpango wa huduma ni kazi ya RN, na dawa za mshipani ndizo zinazotofautiana zaidi: jimbo moja humruhusu LPN baada ya mafunzo ya ziada, jingine humkataza dawa fulani moja kwa moja.

Tofauti ya kipato kati ya wawili hawa si ndogo. Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za mwaka 2023 ziliweka mshahara wa kati wa CNA kuwa takribani dola 38,000 kwa mwaka, na wa LPN kuwa takribani dola 60,000. Lakini kabla ya kuutazama mshahara, tazama mahali kazi zilipo. Kanuni ya shirikisho inayataka makao ya wazee yawe na muuguzi mwenye leseni saa zote 24, na RN kwa angalau saa nane mfululizo kila siku. Maneno hayo, "muuguzi mwenye leseni", yanamjumuisha LPN, na ndiyo maana makao ya wazee yamekuwa nguzo ya ajira yake, hasa zamu za usiku. Hospitali kubwa nyingi, kwa upande wake, humpendelea RN. Anayeota chumba cha dharura au wodi ya wagonjwa mahututi kisha akachagua LPN kwa sababu ni ya haraka, atamaliza mwaka wake na kukuta mlango alioulenga umefungwa.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili ningesema hivi. CNA inafaa kama kipimo cha moyo: kwa wiki chache na gharama ndogo utajua kama unaweza kukaa karibu na kinyesi, damu, kilio na kifo bila kujichukia, na ni heri kulijua hilo kabla ya kukopa fedha za chuo. LPN inamfaa mtu mwenye familia inayomtegemea sasa hivi, asiyeweza kusubiri miaka miwili au mitatu, na mwenye chuo cha karibu chenye programu ya kumvusha LPN kwenda RN na kumhesabia sehemu ya masomo aliyosoma. Bila programu hiyo ya kuvuka, mwaka wa LPN unaweza kugeuka kuwa mwaka uliosomwa mara mbili.

RN: miaka miwili au minne?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi, na ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Kuna njia tatu za kufika kwenye leseni ya RN. Ya kwanza ni stashahada ya hospitali, njia ya zamani iliyobaki katika shule chache. Ya pili ni shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii, ijulikanayo kama ADN, iliyoanza kujaribiwa miaka ya 1950 ili kuziba upungufu wa wauguzi. Ya tatu ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, BSN, ya miaka minne. Njia zote tatu zinaishia kwenye mtihani mmoja, NCLEX-RN, na bodi ya uuguzi haiandiki popote katika leseni kwamba huyu alisoma miwili na yule minne. Miaka miwili ya ADN nayo ni miwili kwa jina tu, kwa kuwa masomo ya anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na mengineyo yanayotakiwa kabla ya kuingia huifanya safari nzima ikaribie mitatu.

Kisheria, basi, ADN na BSN ni sawa. Kwa mwajiri si sawa. Mwaka 2010 ripoti mashuhuri ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kwamba ifikapo 2020 asilimia 80 ya wauguzi wawe na BSN, na tangu hapo hospitali nyingi, hasa zile za kufundishia za mijini, zilianza kuandika sharti hilo katika matangazo ya kazi. Jeshi la Marekani kwa kawaida haliwapokei maofisa wauguzi wasio na BSN. North Dakota ilijaribu kuifanya BSN kuwa sharti la leseni yenyewe kuanzia mwaka 1987, ikaliondoa sharti hilo mwaka 2003. New York ilichukua njia ya katikati: sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 inamruhusu mwenye ADN kupata leseni na kuanza kazi, lakini inamtaka awe na BSN ndani ya miaka kumi. Ukilinganisha majimbo hayo mawili utaona jinsi ambavyo swali la kielimu linaweza kugeuka kuwa la kisheria, na kwamba anayepanga kuishi New York anapaswa kuihesabu BSN kama deni lililokwisha kuandikwa jina lake.

Hoja ya gharama inaupendelea upande wa ADN. Ada ya chuo cha jamii ni sehemu ndogo ya ada ya chuo kikuu, na mtu huanza kulipwa mshahara wa RN, ambao kiwango chake cha kati mwaka 2023 kilikuwa takribani dola 86,000, akiwa mapema kwa mwaka mmoja au zaidi. Kisha anaweza kujiunga na programu ya kumtoa RN hadi BSN, ambayo mara nyingi husomwa kwa mtandao huku akiendelea na kazi, na waajiri wengi huchangia ada yake. Kwa asiye na fedha za familia wala ufadhili, naiona njia hii kuwa bora kuliko kukopa kwa miaka minne. Kwa kijana wa miaka 18 aliyepata ufadhili, au kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine na anaweza kuingia programu ya haraka ya BSN ya miezi 12 hadi 18, jibu linageuka.

Sasa mtego wenyewe. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya bodi ya jimbo bila kuwa na ithibati ya kitaifa, na watu hudhani ni kitu kimoja. Idhini ya jimbo ndiyo inayomruhusu mhitimu kufanya NCLEX. Ithibati ya kitaifa, inayotolewa na mabaraza kama ACEN na CCNE, ndiyo inayofungua milango ya baadaye: vyuo vikuu vingi havimpokei kwa BSN au shahada ya uzamili mtu aliyetoka chuo kisicho nayo, na hospitali za maveterani wa vita huidai kwa waombaji kazi. Mwanafunzi wa chuo kisicho na ithibati hupata leseni halali, hufanya kazi kwa amani miaka mitatu, kisha siku anapoomba kuendelea na masomo hugundua kwamba ngazi yake haina kipandio kinachofuata. Nenda kwenye tovuti ya baraza la ithibati lenyewe na utafute jina la chuo huko, kwa maana tangazo la chuo si ushahidi.

Na zipo shule zilizo mbaya zaidi ya hapo. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Florida walitangaza kesi dhidi ya watu 25 waliohusishwa na uuzaji wa stashahada za uuguzi zaidi ya 7,600 ambazo hazikuwa na masomo nyuma yake. Wapo walionunua karatasi hizo wakafaulu NCLEX kwa haki yao, lakini bodi za majimbo zilianza kufuta leseni zao, kwa kuwa leseni husimama juu ya elimu na mtihani pamoja. Kimoja kikiondolewa, kingine hakiwezi kuibeba.

NCLEX ilivyo

Mtihani huu huandaliwa na NCSBN, baraza linaloziunganisha bodi za majimbo, na umefanywa kwa kompyuta tangu mwaka 1994. Tangu Aprili 1, 2023 umekuwa na sura mpya inayotoa visa virefu vya wagonjwa na kupima uamuzi wa kitabibu badala ya kumbukumbu pekee. Mtahiniwa hupata maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa muda wa hadi saa tano, na hakuna watu wawili wanaopata mtihani unaofanana: ukijibu vizuri kompyuta hukuletea swali gumu zaidi, ukikosea hukuletea rahisi zaidi, mpaka itakapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya mstari wa kufaulu. Hakuna alama za kujivunia. Jibu ni kufaulu au kutofaulu. Ada ya mtihani ni dola 200, mbali na ada ya bodi ya jimbo, na anayefeli husubiri siku 45 kabla ya kurudia, isipokuwa jimbo lake liwe limeweka masharti makali zaidi. NCLEX-PN ya LPN ina idadi ileile ya maswali na muda uleule, lakini ya LPN hupima zaidi utekelezaji, na ya RN hupima zaidi nani ahudumiwe kwanza na kazi ipi akabidhiwe nani.

Leseni ya jimbo moja au ya majimbo mengi

Baada ya kufaulu unaweza kudhani umemaliza, kumbe bado kuna uamuzi wa mahali. Zaidi ya majimbo 40 yamejiunga na mkataba wa leseni za wauguzi, ambao toleo lake la sasa lilianza kutumika Januari 19, 2018. Muuguzi anayeishi katika jimbo la mkataba, akitimiza masharti yake yakiwemo ya alama za vidole na uchunguzi wa rekodi ya jinai, hupata leseni moja inayomruhusu kufanya kazi katika majimbo yote ya mkataba, ana kwa ana au kwa simu na video. California na New York hayamo. Anayeishi huko hupata leseni ya jimbo moja, na akitaka kufanya kazi kwingine huomba leseni nyingine na kulipa ada nyingine.

Leseni ya mkataba hufuata makazi yako ya kudumu, haifuati mahali ulipofanyia mtihani. Ukihama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda jingine una siku 60 za kuomba leseni ya makazi mapya, na wauguzi wa safari, wale wanaofanya mikataba ya wiki 13 hapa na pale, ndio hunaswa zaidi na kanuni hii. Mkataba unawahusu RN na LPN tu. CNA hana mkataba wowote. Anapohama huomba kuhamishiwa katika daftari la jimbo jipya. Waliopata kazi katika hospitali za maveterani, kwa upande wao, hutumia leseni ya jimbo lolote.

Katika kuhuisha leseni nako hakuna ulinganifu. California inamtaka RN awe na saa 30 za mafunzo endelevu kila miaka miwili, Texas saa 20 kwa kipindi hichohicho, ilhali Colorado haidai saa zozote kwa RN. New York leseni yenyewe ni ya maisha, lakini usajili wa kuitumia hufanywa upya kila miaka mitatu. CNA hudaiwa saa 12 za mafunzo kazini kila mwaka. Zaidi ya hayo kuna kadi ndogo ambazo bodi haziziulizi lakini mwajiri huziuliza: kadi ya msingi ya kuokoa maisha iitwayo BLS, na kwa wodi za wagonjwa mahututi kadi ya ngazi ya juu iitwayo ACLS, zote za miaka miwili. Nimeona watu wakijali leseni kama mboni ya jicho kisha wakaondolewa kwenye zamu kwa sababu kadi ya BLS iliisha juzi.

Ngazi ya juu: NP, CRNA na wenzao

Juu ya RN kuna kundi la APRN, yaani wauguzi wa ngazi ya juu, lenye kazi nne: muuguzi mtabibu yaani NP, muuguzi wa dawa za usingizi yaani CRNA, muuguzi mkunga yaani CNM, na muuguzi bingwa wa kitabibu yaani CNS. Wote ni lazima wawe RN kwanza, wasome angalau shahada ya uzamili, wafaulu mtihani wa taifa wa ubingwa, kisha waombe leseni ya pili huku ya RN ikiendelea kuwa hai. Majimbo mengi huzitunza leseni hizi mbili kila moja na tarehe zake, na kuisahau ya RN kwa kudhani ile ya juu imeimeza ni kosa linaloweza kukusimamisha kazi.

Kati ya NP na CRNA tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. NP anaweza kusoma uzamili au shahada ya uzamivu ya vitendo, programu nyingi humruhusu kuendelea na kazi kwa sehemu ya muda, na viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinamtaka apate angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja wakati wa masomo. CRNA lazima awe amefanya kazi ya RN angalau mwaka mmoja kamili katika huduma ya wagonjwa mahututi kabla ya kukubaliwa, programu yake haipungui miezi 36 na haimwachii nafasi ya ajira, na wote walioanza masomo tangu Januari 1, 2022 lazima wahitimu kwa shahada ya uzamivu. Malipo ya CRNA kwa kawaida huwazidi NP kwa mbali, lakini miaka mitatu bila mshahara ni gharama ambayo haionekani katika jedwali la ada.

Cha NP chenye kuhitaji uangalifu ni kwamba mtihani wake wa ubingwa hufungwa kwenye kundi la wagonjwa. Aliyefuzu kuhudumia familia hawezi kuhamia afya ya akili kwa kubadilisha mwajiri tu. Hurudi chuoni kwa cheti cha baada ya uzamili na kufanya mtihani mwingine. RN, kinyume chake, anaweza kutoka wodi ya wazazi Jumatatu na kuanza mafunzo ya chumba cha upasuaji Jumanne kwa leseni ileile. Ajabu ya ngazi hizi ni kwamba kadiri unavyopanda ndivyo uwanja unavyopungua upana, na asiyekuwa na hakika na kundi lake la wagonjwa afadhali abaki RN miaka miwili mitatu zaidi.

Jimbo nalo linabadilisha thamani ya karatasi. NP wa Washington au Arizona anaweza kufungua kliniki yake, kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila mkataba na daktari. NP wa Texas, mwenye shahada na cheti kilekile, lazima awe na makubaliano ya maandishi na daktari ili aandike dawa. Wanaoandika dawa zinazodhibitiwa huhitaji pia usajili wa DEA, idara ya serikali kuu ya kudhibiti dawa za kulevya, unaohuishwa kila miaka mitatu. Mkataba wa majimbo kwa APRN umeandikwa lakini haujaanza kufanya kazi, hivyo anayehama huomba upya kila aendako.

Kwa RN asiyetaka kurudi chuoni, vyeti vya ubingwa vya hiari ni njia ya kupanda bila kubadilisha leseni. CCRN ya wagonjwa mahututi, kwa mfano, humtaka awe amefanya saa 1,750 za kuhudumia wagonjwa hao ndani ya miaka miwili, 875 kati ya hizo katika mwaka wa karibuni, kisha mtihani, na hudumu miaka mitatu.

Aliyesoma nje ya Marekani

Muuguzi aliyesomea Kenya, Tanzania au kwingineko ana ulinganisho wake wa pekee, kwa sababu wapo wanaofika Marekani wakiwa wauguzi waliosajiliwa na kukimbilia CNA kama watu wasio na taaluma, wakabaki hapo miaka. Kuifanya CNA kwa miezi kadhaa ili kulipa kodi ya nyumba si aibu, lakini ombi la leseni linapaswa kuanza siku ileile, kwani uhakiki wa vyeti huchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Majimbo mengi hutaka elimu yako ihakikiwe na CGFNS, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 ambalo sasa linaitwa TruMerit, au chombo kingine kinachokubalika, na chuo chako ndicho kinachotuma matokeo. Nakala uliyoibeba kwenye begi haikubaliki. Majimbo mengi hudai pia mtihani wa Kiingereza.

Hapa vyeti vya nyumbani havina uzito sawa. Uhakiki hutafuta masomo na mafunzo ya wodini katika maeneo manne: watu wazima, uzazi, watoto na afya ya akili. Mwenye stashahada au shahada ya uuguzi wa jumla kwa kawaida huyatimiza. Aliyesoma cheti cha ngazi ya pili, au aliyesomea afya ya akili peke yake, anaweza kuambiwa aongeze masomo au aombe LPN. Kwa anayetafuta viza ya kazi, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inamdai pia cheti kiitwacho VisaScreen hata kama amekwisha kufaulu NCLEX. Na ajiandae vizuri: miongoni mwa waliosoma Marekani takribani tisa katika kila kumi hufaulu NCLEX-RN kwa jaribio la kwanza, ilhali miongoni mwa waliosoma nje wanaofaulu ni zaidi kidogo ya nusu. Sehemu kubwa ya pengo hilo, kadiri ninavyoona, haitokani na uduni wa elimu bali na mtindo wa maswali, ambapo majibu manne yote huonekana sahihi na unaulizwa lipi lifanywe kwanza.

Jambo la mwisho la kushughulikia kabla ya fomu yoyote ni majina. Kituo cha mtihani hulinganisha jina la kibali cha kufanyia NCLEX na la pasipoti, na yakitofautiana mtahiniwa hurudishwa mlangoni na ada yake hupotea. Mtu ambaye jina la babu limo katika cheti cha chuo lakini halimo katika pasipoti, au aliyeandikwa kwa jina la ndoa mahali pamoja na la ukoo pengine, ayalinganishe yote kwa hati ya kiapo au kwa kubadilisha pasipoti kabla hajalipa senti ya kwanza.